Ua wa Maua Machungu

Ua la alizeti mwitu linanuka asali, asali ya kweli, ile ya mzinga uliofunguliwa sasa hivi. Lakini ukilivunja jani lake, au ukilipasua shina, kinachotoka ni kitu kingine kabisa: harufu kali, nzito, inayokaa kwenye vidole hata baada ya kunawa kwa sabuni. Wiki iliyopita wafanyakazi wa barabara walikuwa wakifyeka kando ya njia karibu na ninapokaa sasa, hapa Tororo, na harufu hiyo ikaniingilia dirishani nikiwa nakunja nguo. Nikaketi kitandani. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani tu. Hakuuliza zaidi, nami sikuendelea, maana kumbukumbu hii si ya kumsimulia mtoto anayesubiri chakula. Ninyi nitawaambia.

Nyumbani kwetu kulikuwa Buteba, mahali ambapo njia ya kutoka Busia inausogelea mto, na ng'ambo ya mto ni Kenya. Babu mzaa baba, Mwislamu aliyefika huko na biashara ya chumvi na ngozi, ndiye aliyechomeka vijiti vya alizeti mwitu kuuzunguka uwanja wake, viwe ua. Watu walimcheka kwamba anapanda magugu. Vijiti vikashika vyote. Mpaka nilipozaliwa mimi, ua ule ulikuwa umepita urefu wa paa, umeteremka bondeni hadi mtoni, mnene kiasi kwamba mbuzi akiingia ndani humwoni, unamsikia tu akitafuna. Haukupukutisha majani hata wakati wa kiangazi. Ukichanua, ulichanua wote kwa mpigo, manjano tupu, na nyuki wakavuma humo kutwa nzima kama kinu cha kusaga kilicho mbali.

Mama alitoka Kiyeyi, kwa Wapadhola, akasilimu alipoolewa. Kwao maua hayo waliyaita makech, yaani machungu, na uchungu wake mimi naujua. Mama alichemsha majani yale mpaka maji yakawa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na mwenye homa aliinywa dawa hiyo amesimama, mama amemshika kidevu. Mdogo wangu Yusufu aliwahi kuomba achapwe badala ya kunywa. Mama hakumchapa wala hakumsamehe. "Homa haibembelezwi," alisema, kama alivyosema kila mara, na kikombe kikaisha. Watu walitoka mbali kuifuata dawa ile, hasa ilipofika miaka ambayo vidonge vilikuwa havionekani tena hospitalini.

Miaka hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Wanajeshi walikuwa wameishika nchi, na sisi watoto tuliijua serikali yao kwa vitu vilivyopotea. Sukari ilipotea kwanza. Kisha sabuni, kisha chumvi, kisha watu. Baba, dereva wa lori, alikuwa upande wa Kenya siku mpaka wa nchi ulipofungwa, akabaki huko. Mara chache alituletea kitu kwa mkono wa watu wa magendo, wale waliovuka mto na mizigo kichwani: chumvi ndani ya kibuyu, kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Jirani yetu, fundi cherehani Rajabu, alitiwa kwenye buti ya gari jeupe saa nne asubuhi, mbele ya mkewe. Cherehani yake ilibaki barazani na kitambaa bado kiko chini ya sindano. Mkewe, Mama Fatuma, hakukitoa. Kila asubuhi alipangusa vumbi kuzunguka kile kitambaa, na sisi tulipita pale bila kuangalia.

Siku moja, mvua ya mchana ilipokuwa imekatika, nilimfuata kuku mmoja aliyekuwa na tabia ya kutaga ndani ya ua, kule chini karibu na mto. Nilijipenyeza kati ya mashina, maji yakinidondokea shingoni, mkono mbele natafuta mayai. Badala ya yai nikashika mguu wa mtu.

Sikupiga kelele. Nadhani tulikuwa tumeshajifunza kutopiga kelele. Nikainua macho nikamwona mjomba Othieno, kaka wa mama, amekaa kwenye matope, amejikunja, shati limemgandia mwilini. Huyu alikuwa fundi wa reli Tororo, mtu mkubwa, mcheshi, ambaye alipokuja kututembelea tulisikia kicheko chake kabla hajafika kwenye mwembe wa jirani. Sasa alikuwa mdogo. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi.

"Zaituni," akaninong'oneza. "Kamwite mama yako. Usikimbie. Tembea."

Baadaye nilikuja kujua kosa lake. Kwenye kilabu cha pombe, Tororo, alisema kwamba sukari siku hizi ni kama mwezi wa Idi: watu wote wanatoka nje kuitafuta, na anayedai ameiona haaminiwi. Watu walicheka. Mmoja hakucheka. Kesho yake walipomfuata kazini alidandia behewa la mizigo lililokuwa likitoka, na aliporuka kabla ya kituo kilichofuata, mguu ukateguka. Kutoka hapo alitembea, au tuseme alijikokota, kupitia mashamba ya Busitema mpaka kwetu.

Mama hakumleta ndani. Askari wa kizuizi cha barabarani waliingia majumbani wakati wowote, kutafuta kuku, kutafuta redio, kutafuta chochote. Na hakuweza kumvusha, maana mto ulikuwa umejaa na mtu wa mguu mmoja hapiti maji yale. Akamtandikia gunia na majani makavu ndani kabisa ya ua, mahali ambapo mashina yalikuwa yameinama yakafanya kama chumba.

"Mguu ukipoa na maji yakishuka, utavuka, kaka," alimwambia. "Mpaka hapo huna sauti."

Yusufu hakuambiwa. Yusufu alikuwa na umri ule ambao mtoto humweleza hata mbuzi yote anayoyajua.

Hazikupita siku nyingi, tukaletewa mgonjwa. Askari wawili walikuja uwanjani asubuhi wamemshika mwenzao kwapani, miguu yake ikiburuta buti kwenye mchanga. Alikuwa koplo, kijana mrefu mweusi sana, na meno yake yalikuwa yanagongana hata tukayasikia.

"Wewe ndiyo mama ya dawa?" mmoja akauliza.

"Ndimi, afande."

"Koplo yetu nakufa na homa. Hospitali hakuna kitu. Wewe napa yeye dawa."

"Mlazeni pale kwenye jamvi."

Walimlaza. Bunduki yake wakaiegemeza ukutani, karibu na mtungi wetu wa maji. Yule aliyekuwa akizungumza akamsogelea mama. "Yeye nakufa, sisi narudi hapa. Unasikia?"

"Nimesikia, afande."

Inafaa mjue kwamba huko kwetu Kiswahili kilikuwa na nyuso mbili. Kwetu sisi watu wa biashara kilikuwa lugha ya sokoni na ya madrasa, lugha ambayo baba alitumia kumtania mama. Lakini kwa wengi waliotuzunguka kilikuwa lugha ya bunduki. Mtu akisikia Kiswahili mlangoni, moyo ulimdondoka. Mama alikijua Kiswahili cha askari vilevile alivyokijua cha sokoni, na alipozungumza nao hakutetemeka.  Askari walipoondoka nilimfuata jikoni nikamshika kanga.

"Mama, akipona je?"

Aliangalia ua, kule unakoteremkia mtoni. "Kwanza asife," akasema.

Kwa hiyo tulikuwa na watu wawili wa kuuguza, mmoja barazani na mwingine majanini, na kati yao hapakuwa na umbali wa kutupa jiwe. Mama alichukua kikapu asubuhi na jioni akaenda kuchuma majani ya dawa. Chini ya kikapu kulikuwa na viazi au ugali wa wimbi uliofungwa kwenye jani, na juu akirudi kulikuwa na majani. Hakuna aliyeshangaa kumwona mganga akichuma dawa. Koplo alilala amefunikwa blanketi letu na koti lake, akitoka jasho, akitetemeka, akiita neno moja kwa lugha ambayo hatukuijua. Yusufu alimpepea inzi kwa jani, kwa sababu aliahidiwa kuigusa kofia yake.

"Anamwita nani?" Yusufu aliuliza.

"Mama yake," mama akajibu.

"Umejuaje?"

"Neno hilo halihitaji kufundishwa."

Siku hizo askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kando ya mto wakimtafuta mtu wa reli. Tulisikia mbwa wakibweka upande wa juu, kisha kimya, kisha kilio cha mwanamke. Walichana magodoro. Kwa Mama Fatuma walitoboa dari kwa visu vya bunduki. Walipofika kwetu waliona buti za koplo zimepangwa mlangoni na bunduki yake imeegemea ukuta, wakamsalimu kwa mbali, wakampa pole, wakapita. Nami kwa utoto wangu nikaona tuna bahati.

Nilimwona mama pia, siku moja, akiongeza maji baridi kwenye sufuria ya dawa kabla ya kuijaza kikombe cha koplo, maji mengi, mpaka weusi ukawa hudhurungi. Nilishangaa. Sisi hakuwahi kutuzimulia. Nikadhani anamhurumia kwa ule uchungu, na nikaona wivu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mama hakuwa akimpunguzia uchungu. Alikuwa akimchelewesha. Akifa, tumekufa. Akipona upesi, ataamka atembee, na askari wengine watarudi kupekua nyumba isiyo na mwenzao. Mguu wa kaka yake na homa ya yule kijana alikuwa ameviweka kwenye mizani moja, na kila kikombe kilikuwa kipimo.

Lakini mwili wa kijana haushikiki. Asubuhi moja tulimkuta amekaa, mgongo ukutani, macho meupe. Akaomba uji. Akanywa, akawa anatuangalia jinsi tunavyofanya kazi, kila mmoja, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Mama," akasema, mama alipokuwa anachukua kikapu. "Maua iko hapa, karibu na mlango. Kwa nini wewe nakwenda mbali?"

Mama hakusimama. "Haya ya hapa kuku wameyanyea, afande. Unataka kunywa mavi ya kuku?"

Koplo akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka. Yusufu akacheka sana kuliko inavyostahili. Mimi nilichukua ufagio nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Jioni ile ile, mama akiwa anachochea moto, mtu alikohoa ndani ya ua. Hakikuwa kikohozi kikubwa. Kilikuwa kile kikohozi cha mtu aliyelala kwenye unyevu, aliyekibana kwa muda mrefu mpaka kikamshinda. Mama akakohoa papo hapo, kwa nguvu, akapepea moshi kwa mkono na kulalamika kuhusu kuni mbichi. Mimi niliangalia miguu ya koplo. Vidole vilikuwa vimeacha kuchezacheza. Alikuwa ametulia kama mjusi anaposikia hatua. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kuifuta bunduki yake, na alikuwa bado akiifuta tulipoingia kulala.

Kesho yake adhuhuri alivaa koti, akafunga mkanda, akasimama katikati ya uwanja akiutazama ua kutoka juu hadi kule chini mtoni.

"Hii ua yako naficha mto, mama. Mimi nasema kwa afande mkubwa. Sisi nakuja kukata yote."

"Ni wa babu yake na hawa watoto, afande."

"Kesho asubuhi nakata." Akachukua bunduki. Alipofika njiani akageuka. "Si leo. Kesho."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kijana akienda zake na kofia yake, akiwa na nguvu tulizompa sisi. Nilimwambia mama kwamba laiti angekufa. Mama akanipiga kofi. Hilo nalo sikulielewa.

Alasiri gari la jeshi lilipita likitangaza. "Kesho watu yote nakuja na panga. Kata maua yote mpaka mto." Yusufu, aliyejua maana moja tu ya neno ua, alidhani tunachuma maua kwa ajili ya harusi ya mkubwa fulani, akaanza kutafuta kikapu kizuri.

Kuvuka usiku hakukufaa. Usiku ndipo askari walipowavizia watu wa magendo, na aliyeonekana mtoni gizani alipigwa risasi bila kuulizwa jina. Mama aliamua mchana. Kabla jua halijatua alikwenda kwa Mama Fatuma, nami nikiwa nyuma yake, akamwambia maneno machache tu: "Nahitaji nguo ya kazi ya mwanamume."  Mama Fatuma akaingia ndani, akatoka na shati la fundi Rajabu lililochanika begani, na kofia yake ya kitambaa. Alivishika kidogo kabla ya kuviachia. Kisha akaenda barazani, akainua mguu wa cherehani, akakitoa kile kitambaa, akakikunja.

Asubuhi watu wa mtaa mzima walikuwepo, wanawake, wazee, vijana, kila mmoja na panga, na askari wamesimama kwa mafungu wakivuta sigara. Ua ulikuwa umechanua kuliko nilivyowahi kuuona. Kazi ikaanza, na ile harufu ikafunika bonde lote, tukawa tunapiga chafya na kutokwa machozi. Mashina ya alizeti mwitu ni laini ndani, yanakatika kwa pigo moja, na ua ulianguka upesi kuliko nilivyotegemea. Ukataji ulikuwa ukisogea kuelekea pale alipojificha mjomba. Mama na Mama Fatuma walikuwa wamejipanga bega kwa bega mahali hasa palipokuwa na kile chumba, na walikuwa wakikata polepole.

Sikuona alivyotoka. Nilichoona ni kwamba walikuwa wawili, kisha wakawa watatu. Mwanamume mwenye kofia alikuwa katikati yao, ameinama, panga mkononi, akikata nyumba yake mwenyewe. Majirani wa pande zote mbili walimwona. Mzee mmoja aliyemjua tangu utoto alimwona vizuri kabisa. Akageuza uso, akaendelea kukata. Hakuna aliyenyanyua kichwa, na mapanga hayakupoteza mwendo.

Amri ilikuwa matawi yabebwe yakatupwe mtoni. Mama akamfungia mjomba mzigo mkubwa, akamtwika, maua yakaning'inia mpaka mabegani yakamfunika uso. Akaanza kuteremka kwenye mstari wa wabebaji, akichechemea. Na kule chini ukingoni, bunduki begani, amesimama koplo wetu.

Nilikuwa nimebeba kimzigo changu nyuma, hatua chache. Mjomba alipomfikia, koplo alinyoosha mkono akamzuia. Aliangalia ule mguu. Aliutazama muda ambao mimi nilihesabu pumzi zangu. Mwenzake mmoja alikuwa karibu, anasikiliza.

"Wewe ya mguu mbovu," koplo akasema kwa ukali. "Usijaze uchafu hapa. Peleka kule, nyuma ya kona. Enda."

Mjomba akaenda nyuma ya kona, pale mto unapopanuka na maji, yaliyokwisha kushuka, kuwa ya kiunoni. Maua yalipita yakielea mbele yetu, mzigo baada ya mzigo, mto wote wa manjano. Mjomba hakurudi, wala koplo hakuuliza aliko. Siku kadhaa baadaye tulipata chumvi kwenye kibuyu, na aliyeileta alisema kwamba fundi amefika kwa shemeji yake, na anacheka.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kwa miaka mingi niliposimulia hadithi hii niliishia hapo, kwenye mto wa manjano, na watu walifurahi. Lakini kuna lililofuata.

Tuliishi wazi baada ya pale. Nyumba yetu ilikuwa kama kichwa kilichonyolewa kwa nguvu. Kutoka kizuizini waliweza kuona mama anapika nini, na mama aliacha kutandaza nguo nje. Mvua za vuli zilikuja zikapita. Kisha minong'ono ikabadilika: wakasema askari wanachukuana wenyewe kwa wenyewe kambini, kwamba watu wa kabila fulani wanaitwa kwenye gwaride usiku na hawarudi kitandani. Kizuizini zikaja sura mpya.

Koplo alikuja siku ya soko, jua likiwa utosini. Hakuwa na bunduki, wala kofia, wala viatu. Alikuwa na suruali iliyokunjwa hadi magotini na fulana. Alisimama ukingoni mwa uwanja, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Homa narudi, mama."

Mama akaacha alichokuwa anafanya. Akamwendea, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kama alivyowafanyia wote. Nilitumwa maji. Nilipompa kikombe vidole vyetu viligusana, na mkono wake ulikuwa baridi kabisa, baridi ya mtu aliyetoka kwenye tope. Nikajua hana homa. Mwongo, nikasema moyoni. Amekuja kula.

Mama naye alikuwa ameshajua. Aligeuka akatazama kule bondeni. Visiki vya alizeti mwitu vilikuwa vimeanza kuchipua, vya kijani kibichi, mstari mzima hadi mtoni.

"Yamefika magotini tu, mwanangu," akamwambia.

Koplo akatazama pia. "Naona," akasema.

 Kisha mama akaingia ndani, nikasikia mfuniko wa sanduku la bati. Alirudi na kanzu ya baba, ile nyeupe ya Idi, na kofia yake ya viua.  Kijana aliivaa juu ya fulana yake. Ilikuwa fupi, ikamwishia juu ya vifundo vya miguu. Mama akampa na makubazi.

"Leo Busia kuna watu wengi," alimwambia. "Pita katikati yao. Ukisalimiwa, itika."

Akamfundisha jinsi ya kuitikia salamu. Kijana akarudia mara mbili, kwa lafudhi mbaya. Akainama, akashika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akashika njia ya Busia, peupe, bila kitu cha kumficha isipokuwa nguo ya baba yangu.

Alasiri tulisikia milio miwili ya bunduki upande wa mjini. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mikono ikasimama. Kisha ikaendelea, na sikumwona akiinua macho mpaka maharage yalipoisha. Milio ya bunduki siku za soko ilikuwa kitu cha kawaida. Walipiga hewani kutawanya watu, walipiga watu wa magendo, walipiga kwa kulewa. Hatukuwahi kujua. Mama aliuliza kwa wachuuzi wiki iliyofuata, kwa mbali, na hakuna aliyemwona mtu wa kanzu fupi, wala aliyekufa wala aliyevuka.

Serikali ile ilipoanguka baba alirudi, na mjomba Othieno akarudi, mguu ukichechemea kidogo, na mke kutoka Kisumu. Asubuhi ya Idi baba alifungua sanduku la bati. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika lake la maji ya udhu, msichana mkubwa sasa, na nikamsikia akiuliza kanzu yake iko wapi.

"Nilimpa Yakobo," mama akasema.

"Yakobo gani?"

"Mgonjwa wangu."

Baba alimtazama. Mama alikuwa akimfunga Yusufu vifungo na hakugeuka. Baba akashusha mfuniko taratibu, akaenda kuswali na shati lake la kuendeshea lori.

Nami pale mlangoni, birika mkononi, nikaelewa kwa mara ya kwanza alichokuwa amekuja kuomba siku ile aliposema homa imerudi: si chakula, bali ua wa kumficha. Niliwahi kumuuliza mama, alipokuwa mzee, kama anadhani yule kijana alijua kuhusu mjomba: kile kikohozi, ile "si leo, kesho", ile kona ya mto. Alinijibu kwamba hakumuuliza, na kwamba askari husema maneno mengi. Sikupata zaidi ya hapo. Lakini jina la yule kijana mama alikuwa nalo. Miaka yote hiyo mimi nilimwita koplo, na nilimchukia kwa cheo hicho, na haikunipitia akilini kwamba ana lingine. Mama alilijua tangu asubuhi ile walipomlaza kwenye jamvi. Alimuuliza kama alivyomuuliza kila mgonjwa wake, huku amemshika kidevu, kabla ya kumpa kikombe.